Ukoko wa baruti nyeusi: kusafisha bunduki ya wenzo na maganda yake

Nakala ya Winchester 1873 iliyopigwa baruti nyeusi asubuhi inatakiwa iwe imesafishwa kabla hujaenda kulala. Ukiiacha siku mbili tatu kwenye hewa yenye unyevu, kutu inaanza kula mtutu kwa ndani na kuacha vijitundu ambavyo hakuna brashi itakayoviondoa. Kazi yenyewe, kwa aliyeizoea, inachukua kama nusu saa. Wengi huiona ngumu kwa sababu wanaitenda kwa mafuta, na mafuta siyo dawa yake.

Maelezo haya yanahusu nakala mpya za bunduki za wenzo za karne ya 19, yaani zile zinazopandishiwa risasi kwa kuvuta na kurudisha mkono wa chuma ulio chini yake: Henry ya 1860, Winchester za 1866 na 1873, na ndugu zao wa baadaye. Nyingi zinatengenezwa Italia, katika bonde la Val Trompia, ambako Aldo Uberti alianzisha kiwanda chake mwaka 1959. Wanaozipiga kwa wingi ni wapenzi wa mashindano ya mtindo wa kichunga-ng'ombe Marekani na Ulaya. Mwenye gobore la leseni atajikuta humu pia, kwani baruti ni ileile na uchafu wake ni uleule.

Kinachobaki ndani ni chumvi

Baruti nyeusi ni shura (nitreti ya potasiamu) sehemu 75, mkaa 15 na salfa 10. Ikiwaka, sehemu ndogo kuliko nusu ya uzito wake ndiyo inayogeuka gesi. Zaidi ya nusu hubaki kitu kigumu, hasa chumvi za potasiamu: kaboneti, salfeti na salfidi. Nyingine hutoka na ule moshi mweupe mzito, na iliyosalia hujibandika kwenye mtutu na kwenye mitambo. Risasi ya .44-40 imebeba hesabu yake kwenye jina: kaliba ya .44, na greni 40 za baruti, yaani karibu gramu 2.6. Piga hesabu ya risasi hamsini au sitini kwa siku moja ya mashindano, utaelewa kwa nini wenzo unaanza kuwa mzito kufikia mchana.

Chumvi hizo zina tabia mbili zinazotawala kazi yote. Ya kwanza, zinanyonya maji kutoka hewani, na chumvi iliyolowa juu ya chuma ndiyo kutu. Ya pili, zinayeyuka kwenye maji. Ni sawa na ukoko wa wali kwenye sufuria: hakuna mpishi anayemimina mafuta juu ya ukoko akitegemea utoke. Unalowesha, unasubiri, unasugua kidogo, umeisha. Mafuta ya kawaida ya mashine yakikutana na ukoko wa baruti hutengeneza kitu kama lami, cheusi na chenye kunata, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu kweli. Vimumunyisho vinavyouzwa kwa ajili ya baruti za kisasa zisizo na moshi navyo havina faida hapa, kwa sababu vingi vimetengenezwa kwa uchafu wa aina nyingine kabisa.

Anayetumia Pyrodex badala ya baruti halisi asidhani amepona. Pyrodex ina potasiamu pakloreti, na masalia yake yana kloridi, jamii moja na chumvi ya mezani. Inakula chuma kuliko baruti nyeusi yenyewe. Njia ya kuisafisha ni hiihii, ila usichelewe hata kidogo.

Kuhusu joto la maji, wako wanaoapa kwa maji yanayochemka, wakisema chuma kikipata moto kinakauka chenyewe. Kinakauka kweli, lakini mara nyingi kinaacha utando mwembamba wa kutu ya rangi ya machungwa ndani ya dakika chache, kwa kuwa chuma cha moto kilicholowa na kisicho na mafuta hushikwa na kutu upesi. Maji ya uvuguvugu yanatosha, na hata ya baridi yanafanya kazi. Chumvi hizi hazihitaji kubembelezwa.

Shingo ya ganda ndiyo inayoamua

Kabla ya kushika mdeki, ule ufito wa kusafishia mtutu, jua bunduki yako ni ya kaliba gani, kwa sababu uchafu wa mitambo haufanani. Shingo ya ganda la .44-40 ni nyembamba mno, takriban milimita 0.18. Baruti ikilipuka, ukuta huo mwembamba hutanuka mara moja, ukabana kuta za chumba cha risasi na kuziba. Gesi hairudi nyuma. Unaweza kupiga siku nzima na kukuta kipandishi cha shaba, kinachoinua risasi hadi chumbani, kinang'aa karibu kama ulivyokiacha. .38-40 na .32-20 zina tabia hiyohiyo. (Jina la .38-40 linapotosha: kichwa cha risasi yake ni cha kaliba ya .40.)

.45 Colt ni habari nyingine. Ganda lake ni nene zaidi, limenyooka, na kwa shinikizo dogo la baruti nyeusi halitanuki vya kutosha kuziba. Gesi chafu hupita pembeni ya ganda hadi kwenye komeo (kipande kinachoziba chumba kwa nyuma), viungo na kipandishi. Isitoshe, karne ya 19 .45 Colt haikuwa ikitengenezewa bunduki za wenzo; ni nakala za karne ya 20 zilizoileta humo. Anayetaka kununua nakala mahususi kwa baruti nyeusi achukue .44-40, hata kama maganda yake yanahitaji mkono mwepesi. Aliye na .45 Colt tayari, ataisafisha mitambo kila baada ya kupiga, wakati mwenzake wa .44-40 anaweza kupitisha mashindano kadhaa kabla ya kufungua mabamba ya ubavuni.

Vya kuandaa

Mdeki wa kipande kimoja, wa shaba au uliovikwa plastiki, usiopungua sentimita 90, maana mtutu wa kawaida wa 1873 una inchi 24 na robo. Kikombe kidogo cha kuongozea mdeki mdomoni mwa mtutu. Brashi ya nailoni na nyingine ya shaba nyeusi, za kaliba yako. Vitambaa vya pamba, fulana kuukuu iliyokatwa inafaa vizuri. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Bisibisi ambazo ncha zake zimechongwa kingo sambamba, si zile za fundi umeme zenye ncha kama patasi. Skrubu za nakala nyingi za Kiitalia ni laini, na bisibisi isiyokaa sawasawa itazichana vichwa siku ya kwanza.

Halafu kuna "maziwa". Chukua Ballistol, mafuta ya Kijerumani yaliyoanza kutengenezwa mwaka 1904, sehemu moja kwa sehemu saba za maji: mililita 100 kwa 700 zinatosha kwa muda mrefu. Ballistol inachanganyika na maji na kugeuka nyeupe kama maziwa. Uzuri wake ni kwamba maji huyeyusha chumvi, kisha yanapokauka huacha utando wa mafuta nyuma yake. Weka kwenye chupa ya plastiki ya kupulizia, na itikise kila mara kabla ya kutumia kwa sababu vinajitenga.

Uwanjani, kabla ya kuondoka

Maganda yanaanza kusafishwa uwanjani. Chukua ndoo ndogo yenye mfuniko, maji lita mbili, na matone machache ya sabuni, utumbukize kila ganda lililopigwa. Ukoko ukikaukia ndani ya shaba unaiachia madoa meusi na ya kijani yanayoweza kuila, ukilowa unatoka kwa kutikisa tu.

Kwenye bunduki yenyewe, pitisha vitambaa viwili vyenye maziwa na kimoja kikavu. Dakika mbili hizi zinakuondolea sehemu kubwa ya uchafu wakati bado ni laini. Angalia pia mdomo wa mtutu. Ukiona alama ya mafuta iliyotandaa kama nyota kuzunguka tundu, ujue mafuta ya kwenye kichwa cha risasi yalitosha kufika mwisho wa safari. Ukikuta mdomo mkavu, wenye ukoko mgumu wa kijivu kwenye inchi chache za mwisho, mafuta yaliishia njiani. Hapo ndipo risasi zinapoanza kutawanyika na madini ya risasi kubandika kwenye mtutu. Hakuna namna ya kusafisha itakayoponya hilo. Tiba yake ni kichwa chenye mifuo mipana inayobeba mafuta mengi zaidi, nayo yawe ya nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya kondoo au ya mimea, kwa sababu haya hulainisha ukoko badala ya kuugeuza lami.

Mtutu

Kwanza thibitisha bunduki ni tupu, na usiamini macho peke yake. Bomba la risasi linaweza kuficha moja iliyokwama nyuma ya springi. Ukiwa umeelekeza mtutu mahali salama, vuta na kurudisha wenzo mpaka pasitoke kitu, ongeza mara tatu zaidi, kisha ingiza kidole chumbani na uangalie kipandishi. Risasi zote zitolewe nje ya chumba cha nyumba unamofanyia kazi.

Bunduki za wenzo za aina hii hazifunguki kwa nyuma ya mtutu, hivyo mdeki lazima uingie kwa mdomoni. Hapo ndipo penye hatari, maana ukingo wa mdomo ndio unaoiaga risasi kwa mara ya mwisho. Mdeki ukiukwaruza upande mmoja mwaka baada ya mwaka, bunduki inapoteza shabaha na mwenyewe anaanza kulaumu baruti. Tumia kikombe cha kuongozea kila mara.

Njia safi kuliko zote ni hii. Chukua ganda lililopigwa, ambalo fataki yake iliyotumika (kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti) bado imo, liingize chumbani na ufunge wenzo. Ganda hilo linakuwa kizibo. Simamisha bunduki mdomo ukiwa juu, umimine maji ya uvuguvugu yenye matone mawili ya sabuni. Mtutu wa inchi 24 wa .44-40 unajazwa na mililita zipatazo 50, kiasi cha kikombe kimoja kidogo cha kahawa ya pwani. Ziba mdomo kwa kidole gumba, tikisa taratibu, ngoja dakika moja, mwaga kwa kuinamisha mdomo chini. Maji ya kwanza yatatoka meusi yenye harufu ya yai bovu. Hiyo ni salfidi inayoondoka. Rudia mara tatu au nne mpaka yatoke karibu meupe. Usiruhusu maji yateremkie kwenye kitako, maana mbao ikinyonya maji nyuma ya fremu inavimba, na kutu inajificha mahali usipopaona.

Sasa lipindue jambo zima: laza bunduki kichwa chini, vilengeo vikiangalia meza na wenzo ukiwa juu, mdomo ukiinama kidogo. Ukiilaza hivi, uchafu unaosukumwa na mdeki hauangukii kwenye mitambo. Fungua wenzo, toa ganda, weka kitambaa mbele ya komeo ili mdeki usiligonge. Pitisha brashi ya nailoni yenye maziwa mara nane hadi kumi, ukihakikisha inatokeza mpaka mwisho kabla ya kuirudisha. Brashi ikigeuziwa njia ndani ya mtutu inakunja nywele na kukwama. Fuatisha vitambaa vyenye maziwa mpaka kitoke safi, kwa kawaida vitatu hadi vitano, kisha vikavu viwili. Cha mwisho kiwe na Ballistol tupu au mafuta mengine yanayopatana na baruti nyeusi, kidogo tu, kiasi cha kulowesha bila kuchirizika.

Chumba cha risasi kinasahaulika. Ni kipana kuliko mtutu, kwa hiyo kitambaa kinachobana mtutuni kinapita chumbani bila kugusa kuta. Zungushia kitambaa brashi ya bastola ya kaliba kubwa zaidi, uiingize kwa juu komeo likiwa wazi, na uizungushe. Chumba chenye ukoko ndicho kinachong'ang'ania maganda siku inayofuata, na watu hukimbilia kuilaumu ndoano ya kutolea ganda.

Ukichungulia mtutu ukaona michirizi ya kijivu inayong'aa kando ya mifereji, hiyo ni risasi, madini yenyewe, na maji hayaigusi. Zungushia brashi kuukuu nyuzi za sufi ya shaba tupu ya kusugulia sufuria, uisugue kavu. Pima sufi hiyo kwa sumaku kwanza. Ikivutwa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na kitakwaruza mtutu.

Mitambo

Ukiifungua 1873 utakuta viungo viwili viwili vinavyokunjika kama goti. Wenzo ukifungwa, goti linanyooka na kulishika komeo mahali pake. Katikati ya fremu kuna tofali la shaba ya njano linalopanda na kushuka likibeba risasi kutoka kwenye bomba hadi usawa wa chumba. Ndilo tuliloita kipandishi. Linakaa kwenye shimo lenye nafasi ndogo sana pembeni, na ukoko ukiingia hapo wenzo unakuwa mzito, mwishowe unagoma.

Kwa usafi wa kawaida hakuna haja ya kufungua chochote. Bunduki ikiwa imesimama mdomo chini, wenzo wazi, nyunyiza maziwa kwa juu kwenye kipandishi na kwenye uso wa komeo, kisha cheza wenzo taratibu mara ishirini. Maji meusi yatachuruzika kwa chini. Nyunyiza tena, cheza tena, mpaka yatoke meupe. Pangusa unapofika kwa kitambaa na vijiti vya pamba, hasa chini ya ndoano na kuzunguka tundu la pini. Kama una pampu ya hewa, puliza. Kama huna, acha bunduki imesimama mdomo chini saa moja mahali penye joto. Ukimaliza, tone moja la mafuta kwenye kila kiungo, na utando mwembamba wa grisi isiyo ya petroli pembeni mwa kipandishi. Grisi hiyo inazuia ukoko mpya kushika.

Kuna ukaguzi mmoja usiorukwa hata ukiwa na haraka ya namna gani: pini ya kupigia. Sukuma pini kwa nyuma ukiangalia uso wa komeo. Itokeze na irudi bila kusita. Pini iliyonasa ikiwa imetokeza nje, kwa ukoko au kwa grisi iliyoganda, inaweza kuigonga fataki wakati komeo linasukuma risasi chumbani, kabla goti halijanyooka. Risasi ikilipuka hapo hakuna kinacholishika komeo, nalo linarudi nyuma kwa nguvu kuelekea usoni pa mpigaji. Pini ikikataa kwenda na kurudi, bunduki haitoki nyumbani.

Kufungua mabamba ya ubavuni kufanyike pale tu wenzo unapobaki mzito baada ya kuoshwa, au mara moja kwa msimu. Legeza skrubu kubwa ya mabamba mpaka kichwa chake kitokeze nusu, usiitoe. Kigonge kichwa hicho taratibu kwa mpini wa nyundo ya plastiki, na bamba la upande wa pili litasukumwa nje. Sasa toa skrubu na ulisukume bamba lililobaki kutoka ndani. Kamwe usichokonoe ukingo wa bamba kwa bisibisi. Kingo zimekaa ndani ya fremu kwa kubana, na alama ya chuma ikishatokea hapo itaonekana siku zote.

Viungo vitatoka kwa mkono. Vya kulia viweke kulia na vya kushoto kushoto, juu ya kitambaa cheupe, kwa mpangilio vilivyotoka. Vimezoeana na mahali pake na havipendi kubadilishana. Piga picha kwa simu kabla ya kila hatua. Ili kutoa kipandishi, kwanza legeza skrubu za springi zilizo chini, ya wenzo na ya mkono wa kipandishi, mzunguko mmoja au miwili, ili zisisukume. Halafu ndipo utoe skrubu ya wenzo. Wenzo na mkono wake vitatoka, na tofali la shaba litateleza chini. Wanaoisahau hatua ya kulegeza springi hulazimika kuipiga skrubu ya wenzo itoke, na kuirudisha ni mapambano yenye kuharibu uzi wake. Komeo liache mahali pake; linasafishwa vizuri bila kutolewa.

Tofali lioshe kwa maji na sabuni, likaushe, lipake grisi pembeni. Shimo lake ndani ya fremu lisugue kwa mswaki wa meno. Unaporudisha, kila kitu kiende kwa njia kilivyotokea, na springi zikazwe mwisho. Ukikaza skrubu za mabamba ukaona wenzo umekuwa mgumu kuliko ulivyokuwa, kiungo kimoja hakikukaa kwenye kishimo chake. Fungua tena, usilazimishe.

Henry ya 1860 ina mambo yake mawili. Bomba lake la risasi lina mfuo wazi kwa chini urefu wote, na kisukumizi kinateleza humo, kwa hiyo vumbi la uwanjani na matone ya maji machafu vinaingia bila kuzuiwa. Lipanguse kwa mdeki wenye kitambaa kikavu kila mara. Henry yenyewe haina mbao ya kushikia mbele, na wengi hushika mtutu wenyewe kwa mkono wa jasho. Panguseni alama za vidole, jasho nalo ni chumvi. Fremu ya shaba ya Henry na 1866 haishiki kutu, ila huota ukijani pale ukoko ulipokaa. Maji ya sabuni yanatosha.

Winchester za John Browning, yaani nakala za 1886 na 1892, zina namna nyingine ya kufunga komeo na mabamba ya ubavuni hazina. Kuzifungua ni kazi ndefu. Hizo zioshwe kwa kunyunyiza, zipulizwe, zipakwe mafuta, na ufunguaji mkubwa uachiwe fundi au siku yenye nafasi kubwa.

Kwa bomba la risasi la 1873, toa kizibo cha mbele mara moja kwa msimu ukiwa umekiziba kwa kiganja, kwa kuwa springi ndefu iliyobanwa inaruka mpaka ukuta wa pili. Pangusa, na uache ndani pakavu. Mafuta yakizidi humo hupenya kwenye fataki, na fataki iliyolowa mafuta inaweza isiwake.

Maganda

Ukifika nyumbani, mwaga maji meusi ya ndoo na utoe fataki zilizotumika. Kishimo cha fataki kimejaa majivu. Kikiachwa kichafu fataki mpya haikai mwisho wake. Osha maganda mara ya pili kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukiyatikisa ndani ya ndoo.

Madoa yaliyosalia huondoka kwa asidi ya sitriki: kijiko kimoja cha mezani kwa lita nne za maji, dakika kumi hadi kumi na tano, kisha suuza mara mbili. Waliokua wakisugua sinia za shaba kwa ndimu wanaijua kemia hii tayari. Majivu na mchanga lakini viachwe, vinakwaruza. Siki ikikaa muda mrefu inaondoa zinki kwenye shaba, na ganda linageuka la waridi; ganda la waridi limedhoofika na litupwe. Dawa yoyote yenye amonia ni marufuku. Jeshi la Uingereza nchini India liliwahi kusumbuliwa na maganda ya shaba yaliyopasuka yenyewe ghalani majira ya masika, na chanzo kilikuja kugundulika kuwa amonia ya mkojo wa farasi kwenye mabanda ya jirani. Shaba iliyobanwa wakati wa kuumbwa hupasuka ikikutana na amonia.

Anayetaka maganda yang'ae atumie pipa la kuzungusha lenye maji na vijisindano vya chuma kisichoshika kutu, kwa saa moja hivi. Yakizungushwa kwa saa nyingi, midomo hugongana mpaka inakunjika, na shingo ya .44-40 haina unene wa kuvumilia hilo. Njia hii ya maji ina faida nyingine kubwa: vumbi la fataki lina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na likilowa haliruki hewani. Usizungushe maganda makavu sebuleni wala jikoni, vyombo vya kazi hii visirudi kwenye chakula, na nawa mikono kabla ya kula.

Kausha juani juu ya kitambaa, midomo ikiangalia chini. Tanuri likitumika lisizidi nyuzi 90 za Selsiasi, maana moto mkubwa hulainisha kitako cha ganda, na kitako laini hakiishiki fataki wala hakizuii gesi. Kagua kila moja kwenye mwanga. Ufa mdogo mdomoni, au mstari mng'avu unaozunguka ganda juu kidogo ya kitako, ni dalili kwamba limechoka. Liponde kwa koleo ili lisirudi kwenye lundo kwa bahati mbaya.

Siku ya pili

Hifadhi bunduki mdomo ukiwa chini usiku ule wa kwanza, ili mafuta yaliyozidi yasishuke kwenye mitambo na kuingia kwenye mbao. Kesho yake pitisha kitambaa cheupe kikavu na ukisome. Kikitoka safi au na kijivu hafifu, paka mafuta ya kuhifadhia na uirudishe kabatini. Kikitoka na rangi ya machungwa, kuna chumvi iliyobaki na kutu imeanza. Rudi kwenye maji, si kwenye mafuta, uoshe mara mbili, ukaushe, upake upya. Kijani ni shaba ya brashi au ya maganda, haina madhara. Kikitoka cheusi na cha kunata, mafuta yamekutana na ukoko ambao haukuyeyushwa, mara nyingi pale chumba kinapokutana na mtutu. Papige brashi kwa maziwa, na kitambaa kingine kipite keshokutwa.